Waruguru Alisema Tukate Paa

Gari la kwanza liliuzwa siku ya nne. La pili lilikaa miaka miwili, likipigwa picha na kila apitaye njia, na hakuna aliyeuliza bei mara mbili.

Jina langu ni Bwire, fundi wa injini. Huu ni mwaka wa tisa niko katika karakana ya Nzivo, kando ya Barabara ya Kangundo, mbele kidogo ya Komarock. Siku hizi watu wakiona yale magari yetu ya wazi yakipita Donholm na Umoja, wanasema Nzivo ameomoka, yaani ametajirika. Mimi huwa nanyamaza. Lakini nimechoka kunyamaza, kwa sababu katika mambo yaliyompata Nzivo, nami nina mkono wangu.

Nzivo ni mtu wa Wamunyu, mji wa wachonga vinyago. Baba yake alikuwa akichonga twiga wa mbao, na yeye alirithi mikono ile ile, ila badala ya mbao akachukua faiba, ile plastiki ngumu ya bodi za magari. Kwa miaka mingi alitengeneza mabampa na pua za matatu. Mwaka alioingia arobaini akasema anataka kuunda gari lake mwenyewe, la viti viwili, la chini, la mbio. Tulichukua magari makuukuu ya saluni, tukabakiza sakafu, magurudumu na injini, kisha Nzivo akaliundia kila moja bodi mpya juu yake. Aliliita Swara. Nimeona magari mengi, lakini siku tulipolitoa la kwanza nje, jekundu, likimeta, niliona haya kusimama karibu nalo na ovaroli yangu.

Viti vilikuwa kazi ya Waruguru. Kwao ni Kangema, ila alikuwa akiishi Pipeline, ghorofa ya sita, na cherehani yake kubwa alikuwa ameiweka kwetu karakanani. Ngozi alikuwa akinunua Kariokor, ambako wauzaji walimwogopa, maana hakukubali kipande chenye alama hata moja ya kupe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akikaa kushona, husikii kitu ila mashine.

Hakuna aliyenitangazia kwamba yeye na Nzivo wanapendana. Niligundua mwenyewe, kwa sababu Nzivo alianza kunawa mikono kwa petroli, halafu kwa sabuni, halafu tena kwa sabuni, kabla ya kula chakula cha mchana. Fundi wa faiba hafanyi hivyo kwa ajili ya maharagwe.

Baadaye Nzivo aliniambia walichokubaliana.

"Tukiuza magari matano, mzee, nitakuomba unisindikize kwao."

"Kwa nini matano?"

"Nisifike nikiwa mtu wa mabampa."

Nilijua maneno hayo yanatoka wapi. Akiwa na miaka ishirini na sita, alikwenda kwa akina msichana mmoja, na mjomba wa yule msichana akamuuliza mbele ya watu wote anafanya kazi gani. Nzivo akasema anatengeneza mabampa. Mjomba akauliza kama binti yao atakuwa akichemshiwa bampa jioni. Watu wakacheka mpaka waliokuwa nje wakaingia kuuliza kuna nini. Nzivo alinisimulia hayo mara moja tu, na hakucheka.

Basi tukaunda magari mengine matatu. Yakakaa. Vijana walikuwa wakija, "Niaje fundi, naweza piga picha?" Wanapiga, wanaondoka. Wenye uwezo walikuwa wakija Jumapili baada ya kanisa, wanainama kuingia, wanagonga vichwa, wanasema watapiga simu.

Siku moja alikuja Lydiah, mwenye saluni kule Buruburu. Alikuwa amejipamba, nywele zimepangwa juu kama taji. Alipoinama kuingia, nywele zikakwaruza paa. Akaketi, akafunga mlango. Ilikuwa saa saba na jua lilikuwa linachoma. Hakumaliza dakika tano.

"Gari ni zuri, fundi," alisema akitoka, akijifuta shingo. "Lakini humu ndani ni jiko. Na nikiwa ndani, nani ananiona?"

Akaenda zake. Nzivo alichukua kitambaa akapangusa alama ya nywele za Lydiah ndani ya paa. Waruguru alikuwa amesimamisha mashine, anamtazama yule mama akivuka barabara.

Wiki iliyofuata alikuja kazini amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka. Alikifungua sakafuni. Kilikuwa kitambaa kizito cheusi, kimeshonewa juu ya fremu ya vyuma vyembamba. Ukivuta mbele, kinakuwa paa. Ukisukuma nyuma, kinajikunja na kulala nyuma ya viti. Alikuwa amekitengeneza peke yake nyumbani, ghorofa ya sita, kwa vipimo alivyokariri kichwani.

"Kata paa, Nzivo."

"Nini?"

"Kata paa. Mtu anayenunua gari kama hili hanunui la kwendea sokoni. Anataka mtaa umwone. Sisi tumemfunika kama chakula cha mgeni."

"Na mvua?"

"Ndiyo maana nimeleta hiki."

"Vumbi la barabara hii je?"

"Wanaopanda pikipiki hawalioni vumbi?"

"Mtu akija na wembe apasue kitambaa?"

"Atapasua. Nitashona kingine."

Nzivo aliweka kiganja chake juu ya gari na kukitembeza kutoka kioo cha mbele mpaka nyuma, polepole. Mstari ule wa paa ulikuwa umemchukua miezi tisa. Aliutengeneza, akauvunja, akautengeneza tena.

"Paa ndilo gari," alisema. "Ukiliondoa, hili ni beseni."

Halafu akanigeukia mimi. "Mzee, paa likitoka, bodi itashika?"

Nieleze hapa, ili usifikiri lilikuwa swali la bure. Paa la gari linashikanisha mbele na nyuma kama mkono wa kikapu. Ukilikata, gari linaweza kulegea katikati, milango isifunge. Lakini dawa ipo. Unachomelea vyuma vya mraba chini ya milango, na kimoja cha kukingama nyuma ya viti, na gari linasimama. Nilijua hivyo. Niliwahi kuifanya kazi hiyo Kariobangi nikiwa bado kijana. Nilijua pia kwamba ni kazi ya kulala chali chini ya gari kwa majuma, na goti langu lilikuwa linaniuma. Na zaidi ya goti, niliutazama uso wa Nzivo nikaona jibu analolitaka.

"Itapinda," nikasema.

Waruguru, ambaye huniita kwa jina la binti yangu, alinitazama. "Kweli, Baba Shirleen?"

"Itapinda katikati."

Hakubishana. Aliikunja kazi yake, akaifunga tena kwa shuka, akaiweka kwenye rafu.

Mwaka ule ulipita hivyo. Aliuliza mara nyingine mbili, na Nzivo akajibu kwamba mzee amekwisha kusema. Mimi nikaendelea na injini zangu. Desemba ilipofika nilimsikia Waruguru akimwambia, nami nikiwa nyuma ya boneti:

"Twende Kangema Krismasi. Usilete wazee, usilete chochote. Mama akuone tu."

"Niende kama nani?"

"Kama Nzivo."

"Tungoje Pasaka," Nzivo alisema. "Kuna mtu wa Kitengela ameonyesha nia."

Siku zote kulikuwa na mtu wa Kitengela. Au wa Thika, au wa Syokimau. Waruguru alikwenda Kangema peke yake.

Alirudi Januari akiwa mkimya kuliko kawaida. Alianza kushona mikoba na kuipeleka Kariokor, na baadhi ya siku hakuja kabisa. Halafu alasiri moja ya Februari aliinuka kwenye mashine, akaja akasimama kando ya Nzivo, aliyekuwa akisugua mlango kwa msasa.

"Nzivo, sitaki tena kungoja gari."

Nzivo hakuacha kusugua. Nafikiri hakuthubutu kuacha.

"Nipe mpaka mwezi wa nne."

"Sikuuliza mpaka lini."

Msasa uliendelea, shaa, shaa. Waruguru akachukua mkasi wake, akachukua na ile shuka kwenye rafu, akaniaga mimi kwa mkono, akaondoka. Kesho yake vijana wawili walikuja na mkokoteni kuchukua cherehani.

Nzivo hakumzungumzia. Alikuja kazini mapema, akaondoka na giza. Macho yake yalizoea kuangalia pale ilipokuwa ile mashine. Alikuwa akiinua kitu, kipande cha ngozi au uzi, amwonyeshe mtu, kisha anakirudisha mezani. Nilimwambia ampigie simu. Alisema atapiga akiwa na la kusema.

Wiki sita baadaye, Jumatatu asubuhi, nilisikia mlio wa grinda ya kukatia nikiwa bado barabarani. Nilipoingia nilimkuta amesimama juu ya kiti, cheche zinaruka, uso mweupe kwa vumbi la faiba. Paa la gari la pili lilikuwa chini, limelala chali kama kobe aliyepinduliwa. Alizima grinda. Alikwenda kufunga mlango wa dereva. Ukagoma, ukabaki wazi upana wa vidole viwili.

"Imepinda," alisema.

"Inatibika."

Alinigeukia. "Inatibika?"

"Vyuma viwili chini ya milango. Kimoja nyuma ya viti."

Hakuniuliza nimejua tangu lini. Alinipa tu miwani ya kuchomelea.

Nililala chini ya gari lile wiki tatu. Goti liliuma, nami niliona ni haki yake kuuma. Kitambaa cha paa tulimpa fundi mmoja wa Kayole. Hakikukaa vizuri, lakini kilikaa. Siku tuliyomaliza, Nzivo aliniambia niingie, akakunja paa nyuma, tukatoka.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Tulipokuwa na paa, watu walitazama gari. Sasa walitutazama sisi, mafundi wawili wenye ovaroli. Akina mama wa mboga Komarock walisimama. Umoja tulizuiwa na msongamano, na vijana wakatuzunguka na simu zao. "Buda, hiyo chuma umetoa wapi?" Konda mmoja wa matatu aliinama kutoka mlangoni akagusa kioo cha mbele kwa kidole kimoja, kwa adabu. Nzivo aliendesha, na upepo ulikuwa unampiga usoni, na mara kwa mara alikitazama kiti nilichokalia kana kwamba nimekaa mahali pa mtu.

Jioni ile video zilikuwa zimeenea. Asubuhi Lydiah alikuwa mlangoni kabla hatujafungua. Alikaa ndani, nywele zake zikiwa juu angani, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Si ndivyo nilivyowaambia?" Akalichukua siku hiyo hiyo. Kufikia mwisho wa mwezi watu watatu walikuwa wameagiza, na wote walisema neno moja, wanataka lililo wazi. Tulianza kukata yale mawili yaliyobaki na kuunda la tatu.

Hesabu umekwisha kuifanya wewe mwenyewe. La kwanza lile la zamani, la Lydiah, na hayo matatu.

Jumamosi, saa tisa mchana, Nzivo alikuja kwangu amevaa koti.

"Mzee, ni matano. Nisindikize."

"Umempigia?"

"Nataka nimwambie uso kwa uso."

Tulipanda ngazi za Pipeline mpaka ghorofa ya sita, tukipita chini ya nguo zilizoanikwa, Nzivo mbele, akiruka ngazi mbili mbili. Waruguru alifungua mlango. Alisimama kidogo, kisha akatukaribisha kwa heshima zote, akaweka maziwa jikoni kwa chai. Cherehani ilikuwa imechukua nusu ya chumba.

"Niliona video," alisema. "Limependeza."

"Yametimia matano," Nzivo alisema. Hakuweza hata kuketi. "Nimekuja na Mzee Bwire tupange siku ya kwenda kwenu."

Waruguru alikuwa ameshika vikombe vitatu. Aliviweka mezani kimoja kimoja.

"Wazee walikuja kwetu Jumamosi iliyopita."

Nilidhani Nzivo hakusikia, maana uso wake uliendelea kutabasamu kwa muda.

"Anaitwa Kabiru," Waruguru aliendelea. "Ni dereva wa lori la unga. Tunaimba pamoja kanisani."

"Alikuja na nini?" Nzivo aliuliza. Kati ya maswali yote ya dunia, akauliza hilo.

"Alikuja na shangazi yake. Na sukari na majani ya chai." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama alifurahi."

Kulikuwa na kelele za watoto kwenye ngazi. Nzivo aliketi mwishowe. Waruguru alibaki amesimama, akitutazama kwa zamu.

"Ilichukua muda gani?" aliuliza. "Kulikata."

Nzivo alikivuta karibu kikombe kitupu.

"Baba Shirleen?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimekwisha kumdanganya mara moja.

"Wiki tatu," nikasema.

"Wiki tatu."

Maziwa yalifurika. Aligeuka kuzima jiko na hakutugeukia tena upesi. Alipangusa pale palipomwagika, akapangusa tena.

"Hamjafunga ndoa," Nzivo alisema.

"Bado."

"Basi, Waruguru..."

"Usiseme." Aligeuka. Uso ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa imara. "Mwaka jana ungesema, ningekufuata hata bila viatu. Leo nimempa mtu neno langu, na ni mtu mwema. Usinifanye nimuumize kwa kosa ambalo si lake."

Tulikunywa ile chai. Sijui kwa nini tuliinywa. Labda kwa sababu aliimimina, na kuiacha kungekuwa kumtukana. Mlangoni alimshika Nzivo mkono kwa mikono yake yote miwili, akautazama, ukiwa umeoshwa mara tatu, akauachilia.

Kati ya ghorofa ya tatu na ya pili Nzivo aliketi kwenye ngazi, koti lake likigusa maji ya mtu aliyekuwa akipiga deki. Niliketi kando yake.

"Nilijua habari ya vile vyuma," nilimwambia. "Ile siku ya kwanza. Nilisema itapinda na nilijua dawa."

"Najua ulijua."

"Mbona hukunikaripia?"

"Mzee, mimi nimekata bodi za matatu ngapi? Mimi mwenyewe nilijua." Alikuwa akizungumza na ukuta. "Nilikuuliza wewe ili usemi usiwe wangu. Gari lingeuzika, ningelazimika kwenda kusimama mbele ya watu wa Kangema. Nilikuwa naogopa wasije wakacheka. Nilikuwa naogopa tu, basi."

Mama mmoja alikuwa akipanda na ndoo. Alitupisha, akatuambia pole, bila kujua anatupa pole ya nini.

Ndoa ilikuwa Agosti. Hatukwenda. Siku hiyo tulifanya kazi mpaka saa kumi, na Nzivo hakukosea hata kipimo kimoja. Hadi leo tumetoa magari kumi na moja ya wazi, na kuna watu wanaongoja. Nzivo hupita Pipeline akilazimika tu, na tangu siku ile ya chai hajaendesha lolote kati ya hayo magari zaidi ya kulitoa nje ya karakana.

Mvua za Novemba zilipoanza, wateja walirudi mmoja mmoja. Mapaa yanavuja. Yule fundi wa Kayole alijaribu kuyarekebisha akashindwa, wa pili akashindwa, na jina la mtu aliyeweza sote tulilijua na hakuna aliyelitaja. Nzivo alinunua cherehani ya mitumba, akaiweka pale pale ilipokuwa ile nyingine, akaanza kujifunza kushona mwenyewe. Mtu mwenye mikono ile, anayeweza kulainisha faiba mpaka ikawa kama maji, alikuwa akijidunga vidole kama mtoto. Alifumua na kushona, akafumua tena.

Alasiri moja alisema amemaliza. Alifunga kitambaa juu ya gari la mteja, akaingia ndani, akafunga mlango, akaniambia nimwage maji juu, naye ataangalia yanapopenya. Nilipanda juu ya kiti na ndoo, nikamwaga polepole.

"Wapi?" niliuliza.

"Hapa kushoto."

Nikamwaga tena. "Na sasa?"

Niliinama nikachungulia kupitia kioo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha abiria, mikono magotini, maji yakimdondokea begani, na alikuwa analia kwa sauti ambayo mtu hulia nayo akidhani amefungiwa mahali hakuna anayemsikia.

Ndoo ilikuwa tupu. Nilishuka nikaenda kuijaza, nikarudi, nikaendelea kumwaga, kama mtu ambaye hakusikia kitu.